Hatari Imo Ndani ya Bei: Mwongozo kwa Anayetaka Kununua Kiwanja Dar es Salaam

Chukua viwanja viwili huko Chanika, kila kimoja mita za mraba 400, vilivyoachana kwa mwendo wa dakika tano. Cha kwanza kina hati. Cha pili kina karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Cha pili kinauzwa nusu ya bei ya kile cha kwanza, na dalali anakuambia hiyo ndiyo bahati yako. Kabla hujashukuru, jiulize ile nusu iliyopungua imekwenda wapi. Muuzaji hakuitoa sadaka. Kuna jambo ambalo yeye hawezi kukuthibitishia, na ukikubali bei yake, wewe ndiye utakayelibeba jambo hilo kuanzia siku ya kulipa.

Nakusihi uisome hivyo kila bei ya ardhi katika jiji hili. Kiwanja cha bei ya chini huuzwa pamoja na hatari yake. Kukinunua si kosa: maelfu ya familia za Dar es Salaam zimejenga maisha yao juu ya ardhi isiyopimwa, na nyingi hazijaguswa hadi leo. Kosa ni kubeba hatari usiyoijua, kwa fedha ambazo huwezi kuzichuma mara ya pili.

UNACHONUNUA HASA

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, zilizoanza kutumika Mei 2001, zinampa mtu haki ya kuitumia ardhi kwa masharti. Mwenye hati kwa kawaida amepewa miaka 33, 66 au 99, na hati yenyewe inataja matumizi yanayoruhusiwa. Unapolipa, unanunua haki aliyonayo muuzaji, nayo haiwezi kukua kwa sababu tu imebadilisha mikono. Kama yeye alipewa miaka 33 kuanzia 1998, wewe unanunua haki inayokoma 2031. Kama hati inasema makazi, fremu za maduka unazoziota pale barabarani zitahitaji kwanza kibali cha kubadili matumizi.

Hati ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote. Inafuatwa na barua ya toleo, inayoonyesha kwamba serikali imemmilikisha mtu kiwanja kilichopimwa lakini safari ya hati haijakamilika. Leseni ya makazi hutolewa katika maeneo yaliyojengwa bila mpango, ni ya muda mfupi, na huhitaji kuhuishwa. Nje ya jiji, kwenye ardhi ya vijiji, kuna hati ya hakimiliki ya kimila. Chini kabisa ni ile karatasi ya mauziano, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba fulani alikuuzia. Haithibitishi kwamba alichokuuzia kilikuwa chake.

Muhuri wa mtaa hauongezi uzito ambao watu wanaudhania. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hana mamlaka ya kumilikisha ardhi. Ushahidi wake una faida kubwa, maana yeye na mjumbe wanajua nani amekaa wapi na tangu lini, na wakigoma kushuhudia mauziano hiyo ni dalili mbaya. Lakini wao ni mashahidi tu. Mitaa mingi imezoea kudai sehemu ya bei, mara nyingi asilimia 10, na viongozi wa serikali wamelikemea jambo hilo mara nyingi. Ukidaiwa, omba stakabadhi ya serikali na uulize malipo hayo yametajwa katika sheria gani.

Kwa Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, ambako wengi wanakimbilia kwa sababu ya bei, eneo kubwa bado ni ardhi ya vijiji. Huko mwenyekiti na mtendaji hawawezi kukuuzia ardhi ya kijiji wakiwa wawili mezani. Lazima Halmashauri ya Kijiji ikae, na kwa mambo makubwa mkutano mkuu wa kijiji uhusishwe. Omba muhtasari wa kikao wenye tarehe na mahudhurio, kisha watafute wajumbe wawili watatu uwaulize kama kweli walikaa. Asiye mkazi wa kijiji anayenunua eka kadhaa "kwa shamba" bila muhtasari huo amenunua ugomvi na kijiji kizima.

KABLA YA SHILINGI YA KWANZA

Anza na upekuzi kwa Msajili wa Hati, kama kiwanja kina hati. Ni ombi rasmi, linalipiwa ada ndogo kwa namba ya malipo ya serikali, na majibu yake yanakuambia nani mmiliki aliyesajiliwa, kama kiwanja kimewekwa rehani benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Usikubali upekuzi uliofanywa na muuzaji au dalali, hata ukiwa na muhuri unaong'aa. Fanya wako mwenyewe au umtume wakili wako, na uurudie siku chache kabla ya kulipa kama mazungumzo yamechukua muda.

Halafu mchukue mpima ardhi aliyesajiliwa, uende naye kiwanjani na namba ya kiwanja na kitalu mkononi. Atasoma bikoni kwa kifaa chake na kulinganisha na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Watu wanaiona gharama hii kama anasa, lakini mimi naiweka mbele hata ya wakili, kwa sababu moja ya mbinu za kitapeli zilizozoeleka sana ni kukuonyesha kiwanja kizuri cha juu, kisha kukupa hati halali kabisa ya kiwanja kingine kilichoko bondeni. Upekuzi hautaigundua mbinu hiyo, kwa sababu hati ni ya kweli na mmiliki ni wa kweli. Muulize mpima pia kama eneo hilo kwenye ramani ya mipango miji ni makazi, eneo la wazi, au limetengwa kwa shule. Viwanja vilivyokatwa ndani ya maeneo ya wazi vimeliza wengi.

Baada ya hapo rudi peke yako, bila dalali, ukaongee na majirani. Nenda jioni watu wakiwa nyumbani. Salimia vizuri, usiwe na haraka.

"Shikamoo mama. Nimeletwa kuangalia kile kiwanja chenye mnazi."

"Marahaba mwanangu. Kile cha marehemu mzee? Kwani watoto wameshaelewana?"

Jibu la namna hiyo ni la thamani kuliko karatasi zote alizokuonyesha dalali. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na mtoto mkubwa, mjane peke yake, wala baba mdogo. Omba barua ya mahakama ya usimamizi, soma jina lake ulilinganishe na kitambulisho cha NIDA, kisha uonane na warithi wenyewe. Msimamizi ana mamlaka ya kisheria, lakini warithi wasiokubaliana naye watakwenda mahakamani, na kesi ya mirathi ikishakuingiza ndani, utakaa nayo miaka.

Kuna pia mwenzi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji akikuambia "mke wangu yuko mkoani, hana neno," mwambie utasubiri arudi. Ridhaa iwe ya maandishi, mbele ya wakili, na mwenzi huyo aitie saini akiwa anaelewa anachosaini. Wapo wanaouza nyumba kwa siri ili wakimbie na fedha, na mnunuzi anabaki akiangaliana na mama na watoto ambao hawana pa kwenda. Hata kama sheria ingekupa ushindi, fikiria kama hiyo ndiyo nyumba unayotaka kulala.

Jambo la mwisho kabla ya fedha: nenda kakione kiwanja masika, kati ya Machi na Mei, ikiwezekana siku ya pili baada ya mvua kubwa. Kiangazi kila kiwanja ni kizuri.

ARDHI AMBAYO SERIKALI ITAIDAI

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hasara kubwa zaidi ambazo jiji hili limeziona hazikutokana na matapeli. Zilitokana na watu waliojenga kwa nia njema mahali ambapo sheria ilikuwa imeshaweka alama.

Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, kupisha upanuzi wa barabara. Hifadhi ya barabara pale ilihesabiwa zaidi ya mita 100 kila upande kutoka katikati, mbali sana na mita 30 ambazo Sheria ya Barabara ya 2007 inazitaja kwa barabara kuu. Walioathirika hawakuwa wavamizi wa juzi. Walikuwamo wazee waliokaa hapo miongo, nyumba zilizokuwa na umeme na maji, nyumba za ibada, biashara zilizolipa kodi. Jifunze jambo moja kutoka hapo: kuunganishiwa umeme na kulipa kodi ya jengo si ushahidi kwamba uko mahali halali. TANESCO inakupa huduma, haikupimii mpaka.

Sheria hiyo ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ndiyo maana watu wengi nchini walijikuta nyumba zao zimechorwa alama ya X: nyekundu kwa waliomo ndani ya hifadhi ya zamani, wasiolipwa, na kijani kwa waliofikiwa na mpaka mpya, wanaostahili fidia. Kama kiwanja unachokitaka kiko karibu na barabara ya TANROADS, usikadirie kwa hatua za miguu. Nenda ofisini kwao, uliza hifadhi ya barabara hiyo mahususi ni mita ngapi, kwa sababu hazilingani.

Upande wa maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ufukwe wa bahari. Bonde la Msimbazi ni funzo lililo wazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuzihamisha familia za Jangwani na maeneo jirani hadi Mabwepande. Miaka minne baadaye, Desemba 2015, matingatinga yaliingia bondeni na kubomoa nyumba za waliobaki au waliorudi. Kiwanja cha bondeni kitakuwa karibu na mjini, daladala mlangoni, bei ya kutupa. Hicho usikiguse hata ukipewa kwa mkopo usio na riba.

Orodha ya vitu vya kuuliza ni ndefu kidogo: njia za umeme mkubwa, bomba la gesi, bomba la mafuta la TAZAMA, reli, mabomba makuu ya DAWASA, mipaka ya kambi za jeshi na misitu ya hifadhi kama ya Pugu na Kazimzumbwi. Mpima mzuri atavijua vingi kati ya hivyo. Ukiona eneo kubwa tupu katikati ya mtaa uliobanana, na dalali hana maelezo kwa nini hakuna aliyejenga, hilo ni swali la kupeleka Ofisi ya Ardhi.

KUNUNUA KWA KUFUATA HABARI

Wapo wanaonunua si kwa ajili ya kuishi bali wakitarajia bei ipande. Wengine wamefanikiwa sana. Waliopata viwanja vya Kibada, Mwongozo, Toangoma au Bunju katika Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, walipata ardhi iliyopimwa na yenye barabara zilizochorwa, na thamani yake imepanda mara nyingi. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016, upande wa pili wa bahari ulisogea karibu na jiji. Dodoma, baada ya Rais Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba serikali inahamia huko, viwanja vilivyokuwa havitazamwi vikawa vinagombewa.

Lakini Kigamboni hiyohiyo ina upande mwingine. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na wamiliki ndani ya eneo la mpango wakazuiwa kuendeleza au kuuza wakisubiri utekelezaji. Wakala uliundwa kusimamia mji huo. Miaka ikapita, watu hawawezi kuongeza chumba wala kukopa kwa kiwanja chao, na mwishowe wakala ukavunjwa bila mji kujengwa. Bagamoyo ilikuwa hivyo kwa namna yake: makubaliano ya bandari ya Mbegani na Wachina yalitiwa saini 2013, mfuko wa serikali ya Oman ukajiunga, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, na 2019 mradi ukasimamishwa. Waliokuwa wamenunua mashamba kwa bei ya bandari walibaki na mashamba.

Kwa hiyo habari za mradi zina pande mbili. Mradi unaweza kuinua bei ya ardhi iliyo jirani, na unaweza kuichukua ardhi iliyo ndani yake, au kuifunga kwa miaka. Leo gumzo liko kwenye stesheni za treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2024: Pugu, Soga, Ruvu. Ukitaka kununua huko, nunua kilichopimwa, nje ya eneo la mradi, kwa bei ambayo ingekuwa na maana hata treni isingekuwapo. Na fedha unazoweka ziwe zile usizozihitaji kwa miaka kumi. Kiwanja hakiuziki Ijumaa kwa sababu mtoto anatakiwa ada Jumatatu, na anayeuza kwa shida huuza kwa bei ya mnunuzi.

HESABU YA NYUMBA YA KUPANGISHA

Sasa tuseme umekipata kiwanja safi na unataka kujenga wapangaji. Kaa chini na kalamu. Tuchukue mfano: kiwanja na ujenzi wa nyumba tatu ndogo zinazojitegemea vimekugharimu shilingi milioni 80, na kila moja unapangisha 250,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 9. Hapo ndipo wengi wanapoacha kuhesabu.

Endelea. Mpangaji anahama, dalali anatafuta mwingine, nyumba inakaa tupu; kwa zote tatu toa sawa na mwezi mmoja wa kodi, laki saba na nusu. Toa kodi ya pato la pango asilimia 10. Toa kunyonya choo, rangi, pampu iliyoungua, bati lililovuja, tuseme laki tisa. Unabaki na takriban milioni 6 na nusu, asilimia 8 na kidogo ya fedha uliyoweka, na bado hujahesabu ile miaka miwili au mitatu ambayo fedha zilikuwa zimelala kwenye boma lisilopauliwa.

Asilimia 8 si mbaya, na juu yake kuna kupanda kwa thamani ya kiwanja. Lakini ilinganishe. Serikali ilipoanzisha hati fungani ya miaka 25 mwaka 2021, riba yake ilikuwa karibu asilimia 16 kwa mwaka, bila mpangaji kukukimbia usiku. Mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS inapokea hata mwenye akiba ndogo, na fedha zake unazitoa ndani ya siku chache. Ninachokuomba usifanye ni kujenga kwa sababu tu "ardhi haina hasara". Ardhi ina hasara kama kitu kingine chochote, tofauti ni kwamba hasara yake haionekani haraka.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha kwa nini mkopo wa benki haufai kwa nyumba ya namna hii. Kwa miaka mingi riba za mikopo ya nyumba Tanzania zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Milioni 80 kwa asilimia 17 zinadai riba ya zaidi ya milioni 13 mwaka wa kwanza, ilhali pango limekuletea milioni 6 na nusu. Tofauti itatoka kwenye mshahara wako, na mshahara ukikatika benki itaiuza nyumba. Mkopo wa kujenga pa kuishi mwenyewe ni jambo jingine, hasa kama mwajiri wako ana makubaliano na benki na unaacha kulipa pango mahali pengine. Wa kupangisha, jenga kwa fedha zako, kidogo kidogo, ila umalize nyumba moja uipangishe kabla ya kuchimba msingi wa pili. Mapagala matatu hayalipi hata umeme.

Na kama unajenga ghorofa, usibane fedha kwenye nondo na mhandisi. Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, na Novemba 2024 jingine likaporomoka Kariakoo, na watu wengi wakafa mara zote mbili. Hakuna pango linalolipa deni la namna hiyo.

Kuhusu apatimenti nitasema machache. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila mwenye nyumba ndani ya jengo awe na hati yake. Tatizo ni kununua kwenye ramani, kabla jengo halijasimama. Hata miradi ya Shirika la Nyumba la Taifa, lenye umri tangu 1962, ile ya Morocco Square na 711 Kawe, ilisimama kwa miaka kabla ya kuendelea. Basi mjenzi mdogo usiyemfahamu mpe fedha kwa hatua zinazoonekana kwa macho, na ujue nani anamiliki ardhi iliyo chini ya jengo.

VIWANJA VYA KULIPIA KIDOGO KIDOGO

Kampuni zinazonunua mashamba, kuyapima na kuuza viwanja kwa malipo ya mwaka mmoja au miwili zimewafungulia mlango watu wa kipato cha kawaida, na nyingi zinafanya kazi ya maana. Zikague hivi: shamba limeshahamia jina la kampuni, au bado wanamlipa mwenye shamba kwa fedha zenu? Ramani ya upimaji imeshaidhinishwa, au "iko wizarani"? Mkataba unasemaje ukichelewa mwezi mmoja: unapigwa faini, au unapoteza kila ulicholipa? Gharama ya hati imo kwenye bei, au itakuja baadaye? Lipa kwenye akaunti ya kampuni tu. Afisa mauzo anayekupa namba yake ya simu ili "akusaidie kulipa" mwache aende.

Wewe uliyeko Maskati, London au Houston, haya yote yanakuhusu mara mbili, kwa sababu macho yako ni ya mtu mwingine. Kaka au shangazi anaweza kukusimamia kwa uaminifu wote na bado akaandikisha kiwanja kwa jina lake kwa kuwa ndiye aliyekuwapo siku ya kusaini. Tengeneza hati ya uwakilishi wa kisheria, isajiliwe, itaje kiwanja kwa namba, na jina lako liwe kwenye mauziano. Mpe ndugu kazi ya kusimamia ujenzi, na wakili mwingine kabisa kazi ya kukagua karatasi. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine asianze bila ushauri wa wakili wa Tanzania, maana sheria haimtazami asiye raia kama inavyomtazama raia, na kujificha nyuma ya jina la ndugu kunamfanya ndugu kuwa mmiliki.

SIKU YA KULIPA NA BAADA YAKE

Lipa benki kwa benki, kwa jina lililo kwenye hati, mkataba ukiwa umesainiwa mbele ya wakili. Kama muuzaji anakubali, zuia sehemu ya bei mpaka uhamisho usajiliwe. Fomu za uhamisho, zijulikanazo kwa namba 29, 30 na 35, zisainiwe siku hiyohiyo, maana muuzaji aliyekwishalipwa hapatikani kirahisi.

Kuna kodi mbili za kukubaliana mapema nani anazilipa. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, na kwa kawaida ni wa mnunuzi. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji, na uhamisho hautakamilika bila cheti cha TRA. Muuzaji akishaona kiasi hicho atakuomba muandike bei ndogo kwenye mkataba. Kataa. Siku utakapouza wewe, bei ile ndogo ndiyo itakayohesabiwa kuwa gharama yako, na kodi aliyoikwepa yeye utailipa wewe. Na mauziano yakivunjwa mahakamani, utarudishiwa kilichoandikwa.

Uliza pia kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi mwaka gani. Malimbikizo hufuata kiwanja. Kodi ya majengo, tangu 2021, inakatwa kupitia LUKU, hivyo ukinunua nyumba iliyojengwa hakikisha mita ipi inakatwa kwa ajili ya jengo lipi.

Ukishakamilisha uhamisho, usikiache kiwanja. Hati nyingi zinakutaka uendeleze ndani ya miezi 36, na mtu anayedai ardhi kisheria ana miaka 12 ya kufungua shauri; baada ya muda huo aliyekaa bila kuondolewa anapata nguvu dhidi yako. Zungushia uzio hata wa michongoma, panda miti, fyeka kila mwaka, na jirani awe na namba yako ya simu. Ukiona mtu ameanza kuchimba msingi, toa taarifa ya maandishi siku hiyohiyo, kisha uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya bila kungoja afike kwenye linta.

Hati yenyewe usiikunje sandukuni peke yake. Nakala moja ikae kwa wakili au benki, na mwenzako wa ndoa ajue namba ya kiwanja, kitalu, namba ya hati, na wapi risiti za pango zinahifadhiwa.